Verdugado: kwa nini vazi la mabibi wa Hispania lilibeba jina la mnyongaji?

#1 PindoRefu

Salaam, wakuu. Kikundi chetu cha maigizo kinaandaa onyesho ambalo sehemu yake inatokea katika kasri la Hispania enzi za mfalme Felipe II wa karne ya 16, nami ndiye niliyekabidhiwa mavazi. Katika kusoma nimekutana na jina la vazi, verdugado, ambalo ni sketi iliyoshonewa pete ngumu kuanzia nyonga hadi kwenye pindo, ya juu ikiwa ndogo na ya chini ikiwa kubwa kuliko zote, ili gauni linalovaliwa juu yake likae limetanuka bila mkunjo hata mmoja. Anayetaka kuona lilivyokuwa aitazame picha ya binti mfalme Isabel Clara Eugenia aliyoichora Alonso Sánchez Coello mwaka 1579, ambayo ipo katika makumbusho ya Prado, Madrid. Kuanzia kiunoni kwenda chini huoni umbo la mtu, unaona koni iliyofunikwa kitambaa cha thamani.

Kilichonisukuma kufungua uzi ni jina lenyewe. Nilipolitafuta neno verdugo katika kamusi ya Kihispania, nilikuta kwamba ni mtu anayetekeleza hukumu ya kifo. Madai yangu ni haya: wanawake wenyewe walilibandika vazi jina hilo kwa kejeli, kwa sababu liliwatesa, na watunza kumbukumbu wakaliandika kana kwamba ni jina la kawaida. Mwenye hoja nyingine ailete.

#2 Lahaja_na_Asili

Dada Pindo, mada nzuri, ila umeingilia hadithi mlango wa nyuma. Verdugo kwa asili si mtu. Ni chipukizi la mti, tawi jipya jembamba ambalo bado ni bichi na linapindika bila kuvunjika, na wataalamu wengi hulirudisha neno hilo kwenye verde, yaani kijani, lenye mzizi wa Kilatini viridis. Tawi la namna hiyo likikatwa linafaa kuwa fimbo, na kweli verdugo likawa pia jina la fimbo au mjeledi wa kuwachapia wahalifu. Kutoka kwenye chombo jina likahamia kwa mwenye kukishika, yule mtumishi wa mahakama aliyechapa, ambaye siku nyingine ndiye aliyenyonga na kukata vichwa. Kwa hiyo mnyongaji na sketi ni watoto wa baba mmoja. Hakuna aliyemzaa mwenzake.

Kiambishi -ado nacho kinaonyesha kitu kilichowekewa kitu kingine. Verdugado ni iliyotiwa fito, basi. Pete za kwanza zilikuwa fito zilizopindishwa, na jina likaeleza kazi ya fundi kama ilivyo. Sioni kejeli hapo.

#3 MpigaSoga

Kumbe mabibi wa kasri walivaa uzio, nasi miaka yote tunaambiwa ule ulikuwa ufahari! Mwalimu Lahaja, nisaidie jambo moja. Ikiwa fito zimepindishwa na kufichwa ndani ya nguo, huyo aliyelipa vazi jina la fito alizionaje?

#4 Mzee_wa_Makavazi

MpigaSoga ameuliza kwa utani, lakini swali lake lina uzito, na jibu ni kwamba mwanzoni fito hazikufichwa. Vazi hili halikuanza enzi za Felipe II bali karibu karne nzima kabla yake, katika Castilla, ufalme wa Hispania, chini ya mfalme Enrique IV, na wakati huo pete zilikaa upande wa nje wa sketi, zimefunikwa kwa vipande vya kitambaa ambavyo mara nyingi vilikuwa na rangi tofauti na sketi yenyewe ili zionekane vizuri. Zilikuwa pambo kabla hazijawa mhimili. Ushahidi wa macho upo Barcelona, katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya Catalunya, kwenye mchoro wa Pedro García de Benabarre wa karne ya 15 unaoonyesha karamu ya Herode, ambamo kuna mwanamke wa kasri mwenye pete hizo wazi wazi kuzunguka sketi. Kuhamia chini ya gauni kulikuja baadaye, na kufikia picha aliyoitaja PindoRefu mambo yote yalikuwa ndani.

Kuhusu aliyelibuni, mwandishi wa habari za wafalme Alonso de Palencia anamtaja Malkia Juana wa Ureno, mke wa pili wa Enrique IV, ambaye inasemekana alivaa sketi za namna hiyo ili kuficha mimba isiyokuwa ya mume wake. Malkia huyo kwa kweli alizaa watoto wawili nje ya ndoa alipokuwa amewekwa mbali na mumewe, katika miaka ya mwisho ya 1460.

#5 PindoRefu

Nashukuru, Mzee. Lakini mmeona mchoro wenyewe ni wa nini? Karamu ya Herode ndiyo ile ambayo kichwa cha Yohana Mbatizaji kililetwa kwenye sinia. Mchoraji amemweka mwanamke wa verdugado katika chumba kimoja na kazi ya verdugo, na bado mnaniambia kejeli haipo!

#6 Lahaja_na_Asili

Herode hakuwa Mhispania, dada yangu. Wachoraji wa wakati ule waliwavika watu wa Biblia nguo za mtindo wa siku zao, na hapo ndipo mwisho wa hoja yako.

#7 Kabati_la_Vitabu

Wakuu, kabla hatujafunga mlango wa fito, kuna shahidi ambaye hajaitwa. Sebastián de Covarrubias alichapisha kamusi yake kubwa ya Kihispania mwaka 1611, wakati ambapo vazi lenyewe lilikuwa bado linajulikana na wasomaji wake. Anasema verdugado ni sketi mfano wa kengele, iliyozungushiwa kutoka juu hadi chini mikanda ya pindo, na kwamba kwa kuwa mikanda hiyo ilikuwa ya mviringo kama machipukizi ya mti, na huenda ilikuwa ya rangi ya kijani, ndiyo iliyolipa vazi jina.

Msome polepole. Hasemi kwamba ndani ya mikanda kulikuwa na chipukizi. Anasema mikanda ilifanana na chipukizi, kisha anaongeza uwezekano wa rangi. Hizo ni hoja mbili ndani ya sentensi moja, na zote mbili si hoja ya Mwalimu Lahaja.

#8 Lahaja_na_Asili

Covarrubias namheshimu, lakini aliandika zaidi ya miaka 130 baada ya vazi kuanza. Na huyo huyo ni mtu aliyependa sana kulipatia kila neno kisa. Tuna maandishi ya zamani kuliko yake. Padri Hernando de Talavera, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa kwanza wa Granada, aliandika mwaka 1477 risala ya kukemea israfu katika mavazi, viatu, chakula na vinywaji, baada ya mji wa Valladolid kutoa amri dhidi ya mitindo iliyopita kiasi. Humo anazilaumu verdugos pamoja na vitu vinavyoitwa caderas, yaani nyonga za kuongezea. Maana yake ni kwamba tayari mwaka ule verdugos lilikuwa jina la pete zenyewe, na verdugado likajengwa juu yake.

#9 Kabati_la_Vitabu

Hilo linathibitisha kwamba pete ziliitwa verdugos. Halithibitishi kwa nini. Tumerudi tulipoanzia.

#10 MpigaSoga

Mwalimu amefungwa bao. Tuendelee.

#11 Fundi_wa_Gagulo

Nimepita kwa sababu nimeona sketi. Kazi yangu ni kushona magauni ya harusi, na gagulo lenye pete ni sehemu ya kazi hiyo karibu kila mwisho wa mwaka, kwa hiyo niseme ninachokijua kwa mikono. Siku hizi tunatumia waya mwembamba wa chuma au utepe mgumu wa plastiki, na kazi ngumu si kuipinda pete bali ni kuifanya ikae duara baada ya bibi harusi kukaa na kusimama mara kadhaa. Waya ukishapata kona moja, gauni zima linaonekana limepinda upande mmoja na wa kulaumiwa ni fundi. Nilishashona gagulo ambalo lilikuwa zuri hadi lilipofika mlangoni mwa gari, ambapo pete ya chini ilipanda juu mbele ya wageni wote na mama mkwe akageuka kuangalia pembeni.

Kwa uzoefu huo, swali langu kwa wenye vitabu ni hili. Fito mbichi ikikauka inakuwa ngumu na inakatika. Je, hao mafundi wa kasri walitumia fito kweli miaka yote hiyo, au jina lilibaki na kitu kikabadilika?

#12 Mzee_wa_Makavazi

Fundi, umegusa penyewe. Jina lilibaki na kitu kikabadilika. Katika karne ya 16 pete za Hispania zilitengenezwa pia kwa kamba za esparto, nyasi ngumu inayoota sehemu kavu za kusini na mashariki ya nchi, ile ile wanayosukia mikeka na vikapu. Kamba ya nyasi iliyosukwa haikatiki kirahisi kama fito na haina kona. Vazi lilipoenea katika nchi nyingine vilitumika pia vipande vigumu vya kinywani mwa nyangumi.

#13 PindoRefu

Ahsante, Mzee. Fundi, labda hili litakufaa zaidi. Juan de Alcega, fundi wa nguo, alichapisha Madrid mwaka 1580 kitabu cha jiometri ya ukataji wa nguo, chenye michoro ya namna ya kupanga vipande juu ya kitambaa ili kisipotee bure. Verdugado ya hariri imo. Anaeleza kwamba pindo lake litazunguka zaidi kidogo ya shubiri 13, na kwa maoni yake upana huo unatosha, ingawa anayetaka zaidi anaweza kuongeza. Shubiri ya Castilla ilikuwa robo ya vara, na vara ilikaribia sentimita 84. Nimepiga hesabu nikapata mita 2.7 hivi kwa mzunguko wa chini.

#14 Fundi_wa_Gagulo

Mita 2.7 ni ndogo kuliko magagulo ninayoshona, ambayo mara nyingi hupita mita 3. Ukiigawa hesabu hiyo, pete ya chini ina upana wa sentimita 86 au 87 kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo aliyeivaa aliweza kupita mlango wa kawaida bila kugeuka ubavu. Wale mabibi hawakuteseka kama tunavyofikiri, angalau si kwa kutembea. Na huyo Alcega namwelewa sana. Anaandika kama fundi ambaye amechoka kubishana na wateja wanaotaka upana zaidi kwa kitambaa kile kile.

Nikirudi kwenye jina, pete yoyote ikishonewa ndani ya mkanda inaacha tuta juu ya nguo. Hata ukipiga pasi linaonekana. Je, hakuna neno la Kihispania la hilo tuta?

#15 Lahaja_na_Asili

Lipo, Fundi, na ni verdugo hilo hilo, pamoja na mwenzake verdugón. Ni alama ndefu iliyovimba inayobaki kwenye ngozi baada ya pigo la fimbo au mjeledi. Kwa hiyo mtu anaweza kudai kwamba sketi iliyojaa matuta ya mviringo ilifananishwa na mgongo uliochapwa. Hoja hiyo ina ladha na inamkaribia PindoRefu kwa upande wa kejeli, lakini binafsi naiona ya mbali, kwa sababu tangu lini mtu akamwuzia malkia nguo kwa kuifananisha na mgongo wa mhalifu?

#16 PindoRefu

Aliyeuza si lazima awe ndiye aliyetoa jina! Wapo waliokuwa wakitazama na kuchukia, na padri wako wa mwaka 1477 ni mmoja wao.

#17 Jiwe_na_Chokaa

Habari za humu. Mimi ni mwashi, nimefanya kazi Hispania katika ukarabati wa majengo ya kale, na nimeshangaa kwamba hakuna aliyetaja ninachokijua. Katika ujenzi wa kule, safu ya matofali inayopitishwa kwa ulalo katikati ya ukuta wa mawe au wa udongo, ili kuufunga ukuta na kuusawazisha, inaitwa verdugada, na wengine huiita verdugo. Ukiutazama ukuta wa namna hiyo kutoka mbali unaona mistari mekundu iliyolala, mmoja juu ya mwingine, na kati yake mawe. Ukiondoa fito, ukiondoa rangi, ukiondoa na mnyongaji, kinachobaki kwenye ukuta na kwenye sketi ni kitu kimoja: mkanda unaozunguka kwa ulalo. Nashawishika kwamba verdugo lilikuwa neno la mafundi la mkanda, na washonaji na waashi wakalitumia kila mmoja kwake.

#18 Kabati_la_Vitabu

Hii ndiyo hoja niliyoipenda kuliko zote hadi sasa, na inakubaliana na mikanda ya Covarrubias.

#19 Lahaja_na_Asili

Inakubaliana pia na fito. Safu ya matofali iliyo nyembamba na ndefu inaweza kuitwa fito bila kupitia kwa mshonaji. Upanga mwembamba nao uliitwa verdugo, na hakuna atakayesema upanga ni mkanda. Kinachounganisha matumizi yote ni wembamba na urefu.

#20 Muuguzi_wa_Zamu

Mimi nimesimama kwenye posti ya nne na sijaondoka. Mnasema malkia alificha mimba kwa vazi hili. Mimi kazi yangu ni wodi ya wazazi, na ninaona wanawake wa miezi yote wakiwa katika mavazi ya kila aina. Mimba ya miezi saba haikai nyonga, inakaa juu, karibu na mbavu, na inatangulia mbele. Sketi ambayo imebana kiunoni na kutanuka kuelekea miguuni, kama hiyo ya mwaka 1579, ingemwumbua mvaaji badala ya kumficha, kwa sababu tumbo lingesukuma pete za juu mbele na pindo la mbele lingepanda. Labda mtindo wa mwanzo, wenye pete za nje, ulianzia juu zaidi na kukaa huru zaidi. Hapo ningekubali kwa miezi minne au mitano. Kuanzia hapo hakuna sketi inayoficha kitu mbele ya wajakazi wanaomvika mwenyewe kila asubuhi.

#21 Mzee_wa_Makavazi

Dada Muuguzi, hoja yako inaungwa mkono na historia kwa njia nyingine. Palencia hakuwa shahidi asiye na upande. Alikuwa mtu wa kambi ya Isabel, dada wa kambo wa Enrique IV, na kambi hiyo ilihitaji watu waamini kwamba Malkia Juana hakuwa mwaminifu, ili binti yake, naye akiitwa Juana, aliyezaliwa mwaka 1462, aonekane si mtoto wa mfalme na asirithi Castilla. Walimpachika binti jina la La Beltraneja, wakimaanisha mtoto wa Beltrán de la Cueva, mtu wa karibu wa mfalme. Isabel alichukua kiti mwaka 1474 na vita vya urithi vikafuata. Kisa cha sketi kinaingia vizuri mno katika siasa hiyo. Mimba za baadaye zilikuwa za kweli, lakini kwamba vazi lilibuniwa kwa ajili yake ni dai la adui.

Na cha kuchekesha, wanawake wa kasri la Isabel mwenyewe waliendelea kulivaa.

#22 MpigaSoga

Kwa hiyo aliyeshinda alimtukana mwenzake kwa nguo, kisha akairithi nguo. Siasa haina mwenyewe.

#23 Msafiri_wa_Lyon

Naishi Ufaransa, naongeza la huku. Vazi lilipovuka milima ya Pirenei, Wafaransa waliliita vertugade na baadaye vertugadin. Kwa kuwa vertu ni uadilifu, watu wakalieleza neno kuwa vertu-gardien, mlinzi wa uadilifu, eti kwa sababu pete zilimweka mwanamume mbali na bibi. Ni maelezo matamu na ni ya uongo, lakini angalieni yalivyo kinyume na kisa cha Hispania. Upande mmoja wa mlima vazi linaficha dhambi, upande wa pili linaizuia isitendeke.

#24 Lahaja_na_Asili

Na Waingereza wakalivuruga zaidi. Catalina wa Aragón, binti wa huyo Isabel, alipowasili London mwaka 1501 kuolewa na Arthur, mwana wa mfalme wa Uingereza, yeye na wanawake wake walionekana na sketi hizo, na miongo michache baadaye mtindo ukaingia katika kasri la huko. Masikio ya Kiingereza yalilichukua verdugado kupitia Kifaransa, likawa vardingale, kisha farthingale, likasikika kana kwamba lina uhusiano na farthing, ile sarafu ndogo ya robo peni, ambayo haihusiki hata kidogo.

#25 Mwana_wa_Glendale

Nimecheka niliposoma neno hili, kwa sababu niko California na kila siku naiona milima ya Verdugo kaskazini mwa Los Angeles. Haikuitwa kwa ajili ya mnyongaji wala sketi. Ni jina la ukoo wa José María Verdugo, askari aliyepewa ardhi kubwa hapa mwaka 1784 wakati eneo hili likiwa chini ya Hispania. Ni ukoo unaojulikana tangu zamani, maana hata katika vita vya Flandria kulikuwa na jemadari Francisco Verdugo. Mwalimu, je, jina la ukoo nalo ni fito?

#26 Lahaja_na_Asili

Kwa majina ya koo sina uthubutu wa kuapa, kaka. Babu anaweza kuwa aliishi penye machipukizi, au alikuwa mwembamba, au alikuwa na kazi ile ambayo wajukuu hawapendi kuitaja.

#27 Bibi_wa_Bilbao

Nanyi mnatafuta katika vitabu wakati verdugo bado ni vazi! Huku Hispania, verdugo ni kofia ya sufi inayofunika kichwa chote na shingo, ikiacha uso tu, ambayo watoto walivalishwa kwenda shule wakati wa baridi. Hiyo bila shaka imetoka kwa mnyongaji, kwa kofia aliyojifunika ili asitambuliwe. Kwa hiyo PindoRefu asidhihakiwe sana, kwa sababu Wahispania wameweza kumvika mtoto wa miaka sita jina la mnyongaji bila kuona tatizo.

#28 PindoRefu

Bibi, Mungu akupe maisha marefu.

#29 Kabati_la_Vitabu

Kuna dada mdogo wa verdugado ambaye anasaidia kupima hoja zenu, naye ni guardainfante wa karne ya 17. Hilo lilitanuka ubavuni kuliko mbele na nyuma, na ndilo analovaa binti mfalme Margarita katika Las Meninas, picha ya mchoraji Velázquez ya mwaka 1656. Jina lake halina fumbo, ni linda-mtoto, na watu wa wakati ule walilichukulia kuwa vazi la kuficha mimba. Mwanasheria Alonso Carranza aliandika dhidi ya mitindo hiyo mwaka 1636, na mwaka 1639 Felipe IV akapiga marufuku guardainfante kwa wanawake wote isipokuwa makahaba. Miaka kumi na mitatu hivi baadaye mke wa pili wa mfalme huyo huyo, Mariana, alichorwa na Velázquez akiwa amevaa moja pana kuliko kochi.

Ninachotaka kusema ni kwamba kisa cha mimba kilikuwa tayari kinazunguka juu ya sketi yoyote iliyotanuka, liwe jina ni fito au ni mtoto.

#30 Muuguzi_wa_Zamu

Hilo la ubavuni nalikubali hata kitabibu, maana linavuta macho kwenye upana na tumbo linapotea katikati. Aliyelipa jina guardainfante alikuwa na akili kuliko aliyemsingizia Juana.

#31 Mswahili_wa_Mvita

Nimekuwa nikisoma kimya, nilete la kwetu kidogo kisha niwaachie. Huyo Isabel Clara Eugenia wa picha ya 1579 ni binti wa Felipe II, na Felipe II ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Ureno kuanzia miaka ya 1580, na kwa hiyo ndiye mfalme ambaye chini yake Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa mwaka 1593. Wareno walituachia leso na meza na bendera. Sketi ya fito walirudi nayo, na joto hili la Mvita naona lilisaidia.

#32 MpigaSoga

Tushukuru Mungu. Hebu fikirieni verdugado katika daladala saa kumi na mbili jioni.

#33 Jiwe_na_Chokaa

Msitoke nje ya mada kabla hamjanijibu. Mwalimu Lahaja anasema wembamba na urefu ndio unaounganisha kila kitu. Lakini safu ya matofali haisimami peke yake ikaitwa verdugada, inaitwa hivyo kwa sababu imepitishwa katikati ya kitu kingine ili kukifunga. Pete ya sketi inafanya kazi hiyo hiyo. Fito iliyolala chini shambani haifungi chochote.

#34 Lahaja_na_Asili

Na alama ya mjeledi kwenye ngozi inafunga nini?

#35 Jiwe_na_Chokaa

Inafunga mdomo wa aliyechapwa.

#36 PindoRefu

Wakuu, nashukuru kwa yote, ingawa sasa nina fito, mikanda, kijani, matuta na matofali, na bado sijaacha kejeli yangu. Nina swali la vitendo. Kwa kuwa Covarrubias anasema huenda mikanda ilikuwa ya kijani, nimefikiria kuishona ya kijani kibichi kwa ajili ya mhusika mkuu. Je, mtaalamu atakayekuwa ukumbini atanicheka?

#37 Mzee_wa_Makavazi

Ikiwa onyesho ni la enzi za Felipe II, mikanda itakuwa ndani na hakuna atakayeiona. Ikiwa unataka ionekane, rudisha onyesho nyuma hadi kwa Enrique IV, na hapo rangi yoyote inayotofautiana na sketi itakubalika.

#38 Kabati_la_Vitabu

Mimi ningeshona ya kijani hata kama haionekani, kwa heshima ya Covarrubias.

#39 Fundi_wa_Gagulo

Kijani au si kijani, dada Pindo, utepe wa plastiki wa upana wa sentimita moja unatosha kwa pete sita, na ya juu kabisa usiiweke kiunoni bali shubiri moja chini yake, la sivyo mwigizaji hataweza kuketi. Niletee kipimo cha nyonga na urefu kutoka kiunoni hadi sakafuni akiwa amevaa viatu vya jukwaani.

#40 PindoRefu

Nyonga sentimita 98, urefu 104. Viatu bado vinatafutwa.